Nina data ya wagonjwa wa homa Lamu lakini sijui kuprogramu. Nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Lamu. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiwaandika wagonjwa wa homa wanaopimwa dengi na chikungunya, na kwa ruhusa ya kamati ya maadili tuliwauliza pia wanavyohifadhi maji nyumbani. Jedwali lina mistari 600 na ushei. Vilevile maabara moja ya Nairobi ilitusomea jenomu za virusi katika sampuli tisa, nikarudishiwa flashi yenye faili kumi na nane ambazo laptopu yangu haiwezi hata kuzifungua. Kijana mmoja wa Mombasa anasema nimpe shilingi 80,000 atanifanyia yote na kuniletea grafu. Mimi kuprogramu sijui. Nimlipe, au nijifunze lugha ya kompyuta ya R kwanza? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waaleikumu salaam, dada. Pesa zako zikunje uziweke. Sisemi kijana huyo ni mwongo, huenda kazi anaijua vizuri. Ninachokikataa ni neno moja tu katika ahadi yake, kwamba atakuletea grafu. Grafu isiyo na njia iliyoizaa ni samaki aliyeletwa amekwisha kukaangwa, hujui alivuliwa lini. Siku mkaguzi wa makala yako akiuliza kwa nini watoto wachanga hawamo kwenye hesabu, utabaki kumpigia kijana simu, naye yuko kwenye kazi ya mtu mwingine.

Na R usianze nayo leo. Ni lugha nzuri, mimi huitumia kila siku, nayo ni ya bure. Walioianzisha ni Ross Ihaka na Robert Gentleman, kule Auckland, New Zealand. Lakini kumwambia mtu mwenye swali mkononi akasome lugha ya kompyuta miezi sita kwanza ni kumfukuza kwa adabu. Nimewaona wauguzi na matabibu hodari waliofukuzwa hivyo, na data zao mpaka leo zimelala kwenye flashi.

Unachohitaji ni programu ya kubofya inayoweka kumbukumbu ya kila ulichobofya. Sharti langu ni hilo tu, na lilinifikia kwa aibu. Miaka ya nyuma, hapa Malindi, nilikuwa na jedwali la Excel la watoto na watu wazima waliopimwa malaria. Nikapanga safu ya umri kutoka mdogo hadi mkubwa, nikasahau kuzichukua safu nyingine pamoja nayo. Umri ukahama, uzito na majibu ya vipimo yakabaki palepale. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye nikakutana na bibi wa miaka 71 mwenye uzito wa kilo 9. Kwenye faili hapakuwa na alama yoyote ya nilichokifanya wala siku niliyokifanya. Ilibidi turudi kwenye rejista za karatasi, mimi nikisoma na karani akiandika, siku nne nzima. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yetu ilikuwa ile rejista iliyochakaa.

Usidhani ni mambo ya Malindi tu. Kule Uingereza, Oktoba 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwa muda kwenye hesabu ya taifa kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili za Excel, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yalidondoka kimyakimya. Na mwaka huohuo kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe. Jeni iliyoitwa MARCH1 sasa ni MARCHF1, kwa sababu kila mtu akiiandika kwenye Excel iligeuka kuwa tarehe mosi Machi. Wanasayansi wa dunia nzima walishindwa kuibadilisha programu, wakabadilisha jeni. Mimi hucheka kila nikikumbuka.

Basi tuanze na jedwali lako, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo, na hapo wewe ndiwe mtaalamu, si mimi wala kijana.

Faili ya asili usiiguse. Inakili, ile ya kwanza ifunge isihaririwe. Kwenye nakala, toa majina, namba za simu na namba za vitambulisho, kila mgonjwa apate namba ya utafiti tu, na ufunguo wa kuoanisha namba na jina ukae mahali pengine kabisa. Kisha pitia safu moja moja ukiuliza: neno hili limeandikwa kwa njia ngapi? Nina hakika utakuta “Shela”, “Shella” na “shela” yenye nafasi tupu mbele yake. Kwa kompyuta hivyo ni vijiji vitatu. Umri nao utazame kwa jicho kali. Karani akiandika “8” kwa mtoto wa miezi minane, umepata mwanafunzi wa darasa la pili asiyekuwepo. Tarehe zigawe safu tatu, siku, mwezi na mwaka, kila kimoja peke yake, maana 03/04 kwetu ni Aprili na kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni Machi. Pasipo na jibu pasijazwe sufuri. Sufuri ni jibu.

Sasa yale ambayo kijana wa Mombasa hawezi kuyajua. Una safu ya siku ya homa, yaani mgonjwa alikuja siku ya ngapi tangu aanze kuumwa? Kama huna, irudie rejista uitafute. Wewe wa maabara unajua kwamba kipimo cha PCR hukamata virusi vya chikungunya katika wiki ya kwanza au zaidi kidogo, na kingamwili za IgM hazianzi kuonekana sawasawa mpaka siku ya nne au ya tano hivi. Aliyepimwa PCR siku ya kumi na mbili akatoka hasi si hasi yule wa siku ya pili. Programu itawaweka kapu moja bila kusita, ikupe na asilimia yenye nukta mbili.

La pili ni safari. Mtu wa Langoni anakuja kwako kwa miguu hata akiwa na homa ndogo. Wa Kizingitini anapanda boti, na hapandi mpaka homa imemshinda. Kwa hiyo walio kwenye jedwali lako kutoka mbali ni wale waliozidiwa, na huenda ukawaona wana maambukizi mengi kuliko wa mjini bila kisiwa chao kuwa na mbu wengi zaidi. Mtaa na kisiwa lazima viingie kwenye uchanganuzi.

La tatu limenifurahisha kuliko yote, na niliposoma dodoso ulilonitumia nilicheka peke yangu. Umeuliza: “Maji ya nyumbani: yamefunikwa / hayakufunikwa.” Dada, wewe ni mtu wa Lamu! Zile nyumba za mawe zenye birika ndani, wazee waliweka samaki wadogo mle wale viluwiluwi vya mbu. Nyumba ya namna hiyo ina maji wazi kabisa, na kwenye jedwali lako imeandikwa “hayakufunikwa” sawa na nyumba yenye pipa la plastiki nyuma ya jiko. Hizo mbili umezichanganya, na hakuna hesabu duniani itakayozitenganisha baadaye. Kama bado unao mawasiliano ya wale wagonjwa na kamati inaruhusu, rudi uongeze jibu la tatu. Suala la maji si dogo: mlipuko wa chikungunya wa Lamu wa 2004 ulitanguliwa na ukame, na watafiti walioufuatilia walieleza kwamba maji ya akiba yaliyokaa siku nyingi majumbani bila kubadilishwa yaliwapa mbu aina ya Aedes pa kuzalia.

Jedwali likisha kuwa safi, pakua programu iitwayo jamovi. Ni ya bure, hukaa kwenye laptopu yako, haihitaji bando ukishaiweka. Ukiifungua inafanana na Excel: data kushoto, majibu kulia. Anza na mambo ya kawaida. Tazama wangapi, wa umri gani, wa mtaa gani. Chora nguzo. Kaa na picha hizo siku mbili kabla ya kupima lolote, maana makosa mengi huonekana hapo. Kisha fanya jedwali la mkato la hali ya maji dhidi ya kipimo chanya, na jaribio la kai-skwea, linalokwambia kama tofauti unayoiona yaweza kuwa ya bahati tu. Mwisho, rigresheni ya lojistiki inayoweka maji, umri, mtaa na siku ya homa pamoja. Hii ya mwisho ndiyo utakayohitaji kusomeshwa kidogo, na saa tatu za mtu anayeijua zinatosha kukuonyesha namna ya kuyasoma majibu yake.

Ninaipenda jamovi kwa mambo mawili. Ukihifadhi, data na uchanganuzi na majibu hukaa kwenye faili moja. Ukirudi baada ya mwaka unabofya jibu, nayo inakuonyesha ulichagua nini. La pili, chini yake ni R ileile, na kuna mahali pa kuiambia ikuonyeshe msimbo wa R wa kila ulichobofya. Kwa hiyo unajifunza R kwa kuchungulia, kama mtoto anayejifunza kupika kwa kukaa jikoni. Lakini jihadhari: kwa kuwa data imo ndani ya faili hiyo, ukimtumia mtu majibu umemtumia na wagonjwa wako.

Sasa zile faili kumi na nane. Usiogope hesabu hiyo. Sampuli ni tisa, na mashine nyingi husoma kila kipande cha jenomu kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo kila sampuli huzaa faili mbili. Tazama majina yake, utaona moja ina R1 na pacha wake ana R2. Ndani yake ni maandishi tu: herufi A, C, G na T mamilioni, na chini ya kila mstari alama zinazosema mashine ina hakika kiasi gani na kila herufi. Laptopu yako ilishindwa kwa ukubwa, si kwa ugumu.

Kazi hii ifanyie kwenye Galaxy. Ni jukwaa lililoanza mwaka 2005 Marekani, katika chuo kikuu cha Penn State, mikononi mwa Anton Nekrutenko na James Taylor, na nia yake tangu mwanzo ilikuwa ni watu kama wewe: mwanabiolojia mwenye swali asiye na seva wala msimbo. Unafungua kwa kivinjari, kama unavyofungua barua pepe. Kuna seva ya bure Marekani, nyingine Freiburg, Ujerumani, nyingine Australia. Kushoto kuna orodha ya zana, katikati unajaza fomu, kulia kuna historia. Kila zana unayoitumia huacha kisanduku kwenye historia, na ukikibofya kinakwambia toleo la zana, mipangilio uliyochagua na faili iliyoingia. Ukimaliza sampuli ya kwanza, unaigeuza historia hiyo kuwa mtiririko wa kazi na kuupitisha kwa nane zilizobaki, kwa mipangilio ileile. Na ukibofya kitufe cha kuanza, unaweza kufunga laptopu ukaenda kuswali. Kazi inaendelea huko iliko.

Mafundi wa jahazi wa kwenu hujenga chombo bila mchoro, vipimo vyote viko kichwani na kwenye jicho. Ni ajabu kuwatazama. Lakini fundi akifa na jahazi lake la aina yake limekwisha. Uchanganuzi wa data wa miaka yote ulikuwa wa namna hiyo, na Galaxy kazi yake ni kulitoa jahazi kichwani mwa fundi likakaa mahali mtu mwingine anaweza kuliona.

Kwa virusi vyako njia ni fupi. FastQC inakupa picha ya ubora wa usomaji. fastp inakata ncha mbovu. BWA-MEM inakipachika kila kipande mahali pake kwenye jenomu ya rejea ya chikungunya, ambayo ina herufi zisizofika 12,000, kitu kidogo ukilinganisha na bilioni tatu za binadamu. Kisha iVar inakusanya vipande kuwa mfuatano mmoja. Mahali palipopitiwa na vipande vichache, tuseme chini ya kumi, paandikwe N, yaani hatujui. Mtu akikuletea jenomu isiyo na N hata moja kutoka sampuli dhaifu, muulize alikozipata herufi.

Kabla ya kubofya chochote waulize Nairobi swali moja: virusi vilikuzwa kwa praima nyingi zinazopishana, au vilisomwa moja kwa moja? Kama ni praima, waombe faili ya mahali zinapokaa, na praima hizo zikatwe kwenye usomaji kabla ya kukusanya. Praima ni kipande kilichotengenezwa kiwandani, na herufi zake ni za kiwanda, si za mgonjwa wako. Ukiziacha, badiliko lililo chini yake linafichwa na unatangaza kwamba halipo. Hapa ndipo programu za kubofya zinapowaangusha watu. Fomu ina visanduku ishirini, vyote vimekwisha kujazwa, mtu anabofya “endelea”, na hakuna king'ora kinacholia. Kila kisanduku usichokielewa kiandike kwenye daftari uulize.

Zoezi nililokuwekea linakuhusu wewe hasa. Mlipuko wa Lamu wa 2004, uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka ule ulikadiria kuwa asilimia 75 ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu virusi vikaenda Komoro, vikafika Réunion, na huko zaidi ya theluthi ya wakazi wakaugua. Kule Réunion likatokea badiliko la herufi moja: kwenye protini ya E1, nafasi ya 226, kitofali cha protini kiitwacho alanini (A) kikawa valini (V). Kwa badiliko hilo virusi vikamwingia vizuri zaidi mbu mwingine, Aedes albopictus, na kupitia mbu huyo vikaenda mbali. Virusi vilivyosomwa kutoka pwani ya Kenya vya 2004 vilikuwa bado na alanini. Mifuatano hii iko GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya jenomu, wazi kwa yeyote. Ichukue michache, ya pwani na ya Réunion, uilinganishe kwenye Galaxy, ugeuze herufi kuwa protini, utafute nafasi ya 226 kwa macho yako mwenyewe. Ukiiona A ya kwetu na V ya Réunion, umeshajua njia, na ukiweka tisa zako pembeni utajua pa kutazama. (Neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, la kupindika kwa maumivu ya viungo. Lilipewa ugonjwa huu baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Walioumwa Lamu 2004 hawahitaji kutafsiriwa.)

Kuhusu bando: mifuatano ya hifadhi za wazi usiipakue. Mpe Galaxy namba ya rekodi, ataichota mwenyewe, seva kwa seva, wewe hulipi hata megabaiti. Ni zile faili zako kumi na nane tu ndizo zitakazopita kwenye mtandao wako, nazo zipandishe usiku. Ila kwanza zungumza na kamati ya maadili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Jambo ambalo wengi hawalikumbuka: kama sampuli zilisomwa moja kwa moja kutoka damu, ndani ya faili za virusi mna vipande vya DNA ya mgonjwa. Waombe Nairobi waviondoe kabla hujapandisha chochote.

Na hizi programu za mazungumzo zinazoandika kila kitu? Zitumie kukueleza ujumbe wa kosa au kisanduku usichokielewa. Usizibandikie mstari hata mmoja wa mgonjwa. Na zikikwambia jambo kwa uhakika mkubwa, liangalie kwenye masomo ya Galaxy yenyewe, ambayo ni ya bure, yana data za mazoezi, na unaweza kuyafuata kwa mwendo wako. Mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Cape Town, ulikuwa na kozi ya utangulizi wa bayoinfomatiki, yaani kuchanganua data za biolojia kwa kompyuta, tangu 2016 ambayo watu walikaa madarasa ya kwao Afrika nzima wakitazama mihadhara iliyorekodiwa. Nilipenda mpango ule kwa sababu jirani yako wa dawati ndiye aliyekusaidia. Karibu yetu zaidi, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kinafundisha bayoinfomatiki. Andika barua, ukitaja una data ya Lamu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu atakuja mbio.

Utauliza itachukua muda gani. Jedwali kulisafisha, mwezi mzima wa jioni zako, na usijidanganye litachukua wiki. jamovi, wiki mbili. Galaxy, sampuli ya kwanza itakula siku kumi za kukwama, nane zilizobaki utazimaliza alasiri moja.

Kijana wa Mombasa usimwache. Mwite, mlipe siku mbili, akae kando yako Langoni, mkono kwenye kipanya uwe wako. Mpatane kabla hajapanda basi kwamba siku ya pili jioni anaacha historia ya Galaxy iliyoshirikishwa kwenye akaunti yako, faili ya jamovi, na ukurasa mmoja wa kueleza kila kisanduku alichokibadilisha na kwa nini. Akikubali, ni fundi. Akisema ukurasa huo ni siri ya kazi, mlipe nauli arudi.